Mesaje za Koplo Mbuyi

Vijana wangu, ninyi mnaotaka kuingia kazi ya mawasiliano jeshini, na ninyi mnaopita mbele ya nyumba yangu hapa Bunia mkinisalimia "Papa Foni" huku macho yenu yako kwenye simu, kaeni kidogo. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba. Nimeiacha mwaka jana nikiwa na mgongo mbovu, sikio moja zima, na jambo moja ambalo sitaki life pamoja nami. Nitalisema, lakini kwa mwendo wangu. Mkiona nazunguka, vumilieni, nanyi mtazeeka Mungu akipenda.

Kwanza mjue foni ni kitu gani, maana mnacheka jina bila kujua kazi yake. Ni redio kubwa ya kusemea. Inakula betri ya gari, na waya wake unafungwa juu, kati ya miti miwili. Zamani, simu za mkononi zilipokuwa hazijafika kwenye vilima vyetu, wake wa askari walikuja kambini Jumamosi, wakapanga mstari, na kila mmoja akakaa mbele ya foni wakati bwana wake anaitwa kule position, yaani kituo chake cha mbele. Ukimaliza kusema unasema "avu", maana yake sasa ni zamu ya mwenzako. Wawili hawawezi kusema pamoja. Nimeona mwanamke akilia kwa kwikwi, akapangusa pua kwa kitenge, kisha akasema "avu" vizuri kabisa kama nilivyomfundisha.

Jambo la pili kuhusu foni: unachosema, wote wanasikia. Kuna mama mmoja mnene, bwana wake alikuwa sajini huko Nizi, alikamata kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayekaba kuku shingo.

"Ile mwanamuke ya Nizi unamupatia chakula, na siye huku na batoto tunakula nini? Avu!"

Halafu position ya Bogoro ikaingia, kwa heshima zote: "Mama, rudilia, hatukusikia muzuri. Avu." Kisha ya Kilo: "Siye pia, mama, rudilia kidogo. Avu." Yule sajini aliitwa Avu mpaka alipohamishwa, na nadhani hata huko alikohamia jina lilimtangulia.

Basi, tulicheka. Mnaona mimi ni mzee mwenye uchungu, lakini tulicheka sana.

Aliyenifundisha kazi ni Ajida Mokili. Ajida ni cheo kilicho juu ya sajini. Alikuwa mtu mkavu, mfupi, anayetafuna mbegu za kola tangu asubuhi, na hakuwahi kunisifu hata mara moja. Alinifundisha kufunga waya wa antena usigusane na majani mabichi. Alinifundisha kufunika betri kwa gunia kavu mvua ikinyesha, na kutogusa kitu kwa mkono wenye maji. Hayo mtayasoma hata katika vitabu. Yale ya maneno ya watu hamtayasoma popote.

"Maneno ya batu inapita kwako tu," aliniambia. "Ikikuya na chumvi, inaenda na chumvi. Ikikuya bila chumvi, inaenda bila chumvi. Weye si mupishi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Simu zilipofika, kazi ilibadilika, lakini haikuwa rahisi kama mnavyofikiri. Ninyi mnapata reso, yaani mtandao, mkiwa mmelala kitandani. Sisi kilima chetu kilikuwa ng'ambo ya Kilo, na sauti haikupita kabisa. Mesaje tu, zile za kuandika, ndizo zilipita, tena kwa shida. Tulikata mwanzi mrefu, tukafunga kamba juu kama ya bendera. Unaandika mesaje yako, unabonyeza kutuma, unafunga simu ndani ya soksi, unaipandisha. Unahesabu mpaka mia mbili. Ukiishusha, ama imekwenda, ama unarudia. Soksi iwe kavu, na fundo liwe la kufungika haraka. Niliwahi kuona simu nzuri ya luteni ikianguka kutoka juu ya ule mwanzi, na siku ile hakuna aliyekunywa chai.

Askari wakienda doria, simu zote zilibaki kwangu. Simu ikilia katikati ya majani inaua wenyewe. Nilizikusanya ndani ya mfuko wa mchele, kila moja imefungwa kipande cha sparadra, ile plasta ya hospitali, chenye jina la mwenyewe. Hapa sikilizeni, maana hili ni kosa langu dogo kabla ya lile kubwa. Siku moja mvua iliingia ndani ya mfuko na wino ukayeyuka. Niligawa simu kwa kukisia. Askari mmoja mlokole, mtu wa kusali asubuhi na jioni, alipata simu ya mwenzake akasoma mambo ambayo mke wa mwenzake alikuwa ameandika. Alinirudishia ile simu akiishika kwa vidole viwili tu. Tangu siku ile niliandika majina kwa kalamu ya risasi, nikafunika na skochi, ile karatasi ya gundi. Kalamu ya risasi haiyeyuki. Mkumbuke hilo.

Na kwa ninyi mtakaokuwa askari wa kawaida, mkiandikia nyumbani, msitaje mahali mlipo, na msitaje siku ya kurudi. Mahali kwa sababu ya adui. Siku ya kurudi kwa sababu ya mke, maana siku hiyo atapika hata kama hutafika.

Sheria ya mwisho ya Ajida Mokili ilihusu simu ya askari aliyekufa. "Unazima. Unatoa kadi. Unatuma Bunia pamoja na rapoti. Hapana soma, hapana jibu. Hata ikilia kutwa nzima." Nilimuuliza kwa nini hata kusoma kunakatazwa. Alitema kola. "Kwa sababu ukisoma, utajibu."

Sasa nawaletea Mbuyi.

Koplo Mbuyi alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, mpole, mwenye miguu mikubwa ambayo jeshi halikuwahi kuipatia viatu vya kuitosha. Alioa hapa Bunia, akamwoa Masika, binti wa wafanyabiashara waliohama kutoka Butembo. Masika aliuza maharagwe sokoni na alikaa katika nyumba za kambi. Mbuyi hakujua kusoma wala kuandika. Masika alikuwa hajui hilo. Wakati wa kumchumbia, Mbuyi alikuwa anakaa mbele ya kwao amefungua gazeti, anageuza kurasa taratibu, na anatikisa kichwa mara mojamoja kama mtu asiyeridhika na habari.

Kwa hiyo mesaje zake zote niliandika mimi. Alikuja pembeni, akachuchumaa, akanong'ona, nami nikaandika. Nikimsomea za Masika, alifunga macho. Siku za kwanza nilitaka kumtilia sukari kidogo, nikaandika "ua la moyo wangu". Alipoomba nimsomee, akashtuka.

"Papa Foni, toa ile. Masika atajua si miye. Andika vile nasema: Masika, mvua iko mingi. Miguu inauma. Nakuwaza."

Nikafuta. Miaka miwili niliandika hivyohivyo, mvua, miguu, nakuwaza. Nikaijua sauti yake kuliko yangu. Masika alipopata mimba, sauti ile iliongezeka neno moja tu: "Lala sana."

Adui walitushambulia asubuhi, chai ikiwa jikoni. Hatukuwa wengi. Luteni alipigwa begani akatoa amri ya kuteremka. Nilibeba foni mgongoni na mfuko wa simu kifuani, na ya Mbuyi ilikuwa humo, kwani daima aliniachia mimi. Mbuyi alianguka hatua tano kutoka nilipokuwa. Nilimgeuza, nikaona amekwisha. Hatukuweza kumchukua. Tulipofika kilima kingine nilifunga antena, na luteni, kabla hawajambeba kwenda hospitali, aliniandikisha rapoti kwa meno yaliyoumana: "Koplo Mbuyi ameuawa, mwili umebaki kilimani." Nikaituma Bunia neno kwa neno.

Siku mbili sikugusa ule mfuko. Ya tatu nikaufungua nizime simu yake kama sheria inavyotaka. Ilikuwa imebaki na moto kidogo wa betri, na sisi tulikuwa tumeshasimamisha mwanzi mpya kwenye upepo. Niliipandisha pamoja na nyingine bila kufikiri. Niliposhusha, zilikuwa zimeingia mesaje tatu za Masika. Nilizisoma.

Ya kwanza: "Tumbo ilianza." Ya pili: "Niko ku maternite. Damu inatoka mingi, daktari anaogopa." Ya tatu: "Mbuyi, sema neno moja tu nijue uko."

Ninyi mngefanya nini? Msinijibu. Najua mngefanya nini, maana nyote mnajiona mna moyo mzuri, na mimi siku ile nilijiona nina moyo mzuri. Niliandika: "Niko salama. Reso iko mubaya. Zala muzuri. Nakuya." Sikuhitaji hata kutafuta maneno. Vidole vilikuwa vilevile. Nikaipandisha, nikahesabu mia mbili, ikaenda. Kisha nikatoa kadi, nikazima, nikafunga simu pamoja na rapoti kama mtu mwenye kufuata sheria. Usiku ule nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Masika alizaa mtoto wa kike, akapona. Akamwita mtoto Salama, kwa sababu ya neno lile. Nasema hivi sitaki mnihurumie, nataka mjue kwamba uongo wangu una jina na unakwenda shule.

Siku kumi baadaye biro, ofisi ya jeshi ya Bunia, ilimwita kumpa taarifa ya kifo. Nimesimuliwa kwamba alimcheka karani. Alitoa simu kwenye kitenge, mtoto akiwa mgongoni, akamwonyesha. Karani alikuwa hodari wa tarehe. Akaona mume aliyekufa siku ile ameandika siku tatu baada ya kufa. Mwili haupo. Akachukua foni.

Mimi ndiye niliyepokea, nani mwingine? "Thibitisha kifo cha Koplo Mbuyi. Mke ana mesaje yake ya baada ya vita. Nani aliona mwili? Avu."

Position zote zilikuwa zinasikiliza. Luteni alikuwa hospitalini, amezidiwa na homa ya jeraha, hawezi kusema. Aliyeona mwili ni mimi, na simu yake bado ilikuwa kwangu ikingoja gari la kwenda Bunia. Kusema "nimeuona" ilikuwa kusema pia nani aliyeandika, na adhabu ya kutumia simu ya marehemu naijua, tena ningeaibishwa mbele ya kila redio ya Ituri. Nilibonyeza kitufe. Nikakiachia, nikakibonyeza tena, nikakiachia, mpaka yule wa Bunia akauliza kama betri imekufa.

"Hakuna uhakika," nikasema. "Avu."

Basi. Kwa maneno mawili Mbuyi akawa mtoro. Waliandika kwamba alikimbia kazi mbele ya adui. Masika alitolewa kambini na mtoto wa mwezi mmoja. Luteni alipopona alikuwa ameshahamishwa mbali, na hakuna mtu wa jeshi anayefungua faili la koplo wa Kasai asiye na ndugu mjini. Nawachukia kwa hilo, lakini nikianza kuwahesabu ninaowachukia, wa kwanza kwenye mstari namjua.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Wangenitazama mimi. Yangu imekwenda miaka tisa.

Niliporudi Bunia nilianza kununua maharagwe kwa Masika. Kila wiki. Nyumbani kwangu walichoka nayo, wajukuu wakaniuliza kama nimeweka nadhiri. Yeye alinijua kama Papa Foni wa kambini, basi. Alikuwa amekonda, mdomo umekuwa mkali.

"Muzee, weye unapenda maharagi kupita batu ya Butembo," alinitania.

Siku moja, akipima, akaniuliza bila kuinua macho: "Ulikuwa naye kule. Sema kweli. Alikimbia na mwanamuke gani?"

"Sijui, mama."

"Mi najua iko muzima. Mutu anaandika 'nakuya', halafu ananyamaza miaka yote? Ule hapana kufa. Ule alituchoka." Akafunga mfuko kwa nguvu. "Salama akiuliza, namwambia tu: papa yako alikimbia kabla ya kukuona."

Nikachukua maharagwe yangu nikaenda. Mbuyi aliyekuwa analaza kichwa kwenye magoti kusikia mesaje zake, huyo ndiye aliyekuwa akilaaniwa kila siku ya soko, na mimi nimesimama pale na kikapu.

Nilipostaafu nilijipa ujasiri wa makaratasi. Nilikwenda biro nikaandika yote, nikatia sahihi. Nilitaka kwanza jina la Mbuyi lisafishwe, kisha nimwendee Masika na karatasi yenye muhuri mkononi, nisifike mikono mitupu. Karani, si yule wa zamani, kijana wa umri wenu, alisoma mstari mmoja, akaweka karatasi chini ya zingine.

"Muzee, faili hii ilifungwa. Kuya kiisha wiki mbili."

Nimerudi baada ya wiki mbili mara nyingi. Mara ya mwisho alinitafutia kiti, akaniuliza kama miguu inaniuma. Ni kijana mzuri. Karatasi iko palepale.

Ndiyo sababu Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikwenda kwa Masika bila kitu. Alikuwa amekaa uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Salama alikuwa anafua sare ya shule karibu na ukuta. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza na habari za mvua.

Nilimwambia kwanza kwamba Mbuyi hakujua kuandika. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Zile mesaje?"

"Alisema yeye, mi niliandika. Neno kwa neno."

"Zote?"

"Zote ni zake, mama. Moja tu ni yangu." Nikamwambia ipi. Nikamwambia siku. Nikamwambia alianguka wapi, na nilivyojibu kwenye foni nilipoulizwa.

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua, akatoa jiwe, akatoa jingine, kisha akaweka ungo chini.

"Miaka tisa nilimulaani mutu hana kosa," alisema. "Na weye ulikuwa unakuya kununua kwangu. Unacheka na miye."

"Ndiyo."

"Ulisema na mudomo ya bwana yangu. Na mudomo yako weye ulinyamaza." Akageuka. "Salama! Wacha nguo. Kuya hapa. Muzee huyu atakwambia papa yako alienda wapi."

Mtoto alikuja, mikono ina povu. Ana miguu mikubwa. Nilimwambia, maana nilikuwa nimeamriwa na mtu mwenye haki ya kuniamuru: baba yako hakukimbia. Alikufa kabla ya wewe kuzaliwa, nami nilikuwepo, na mimi ndiye niliyewadanganya. Alisikiliza yote akinitazama usoni. Akauliza swali moja.

"Alisema nini kabla ya kufa?"

Vijana wangu, jibu lilikuja lenyewe. Tamu, tayari, lenye jina la mama yake ndani. Vidole vyangu vililijua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na Masika alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mizani ya mwenzake sokoni.

"Hakusema kitu, mwanangu," nikajibu. "Alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu."

Salama akaitikia kwa kichwa, polepole. Masika akafungua kitenge kilichokuwa kichwani, akajifunga kiunoni, akakaa chini kwenye udongo na kupiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwenye foni yoyote. Majirani walitoka mbio, wengine na vijiko mkononi. Mama mmoja akamshika mabega.

"Masika, nani alikufa?"

"Bwana yangu."

"Bwana yako? Lini?"

"Leo," alisema Masika, na wale wanawake hawakuuliza tena, wakaanza kutoa viti nje.